Kitasa cha Fleti ya Zamani Kinapogoma: Kutafuta Chanzo Kabla na Baada ya Kubadili Funguo

Mpangaji anapohamia katika fleti ya zamani ya mjini hukabidhiwa funguo mbili au tatu na kuambiwa kwamba hizo ndizo zote zilizopo. Mara chache sana huwa kweli. Fleti nyingi za Upanga, Kisutu na Kariakoo jijini Dar es Salaam zilikuwa tayari na wakazi wakati majengo ya kupangisha yalipotaifishwa mwaka 1971. Zikakaa chini ya Msajili wa Majumba hadi mwaka 1990, zilipohamishiwa Shirika la Nyumba la Taifa, na wako wazee ambao mpaka leo huziita nyumba za Msajili. Katika miaka hiyo yote kila familia iliyopita ilichonga ufunguo wa mtoto anayewahi kurudi kutoka shule, wa dada wa kazi, wa mdogo wa mke aliyekuja mjini kutafuta ajira, na funguo hizo hazikuwahi kukusanywa. Kubadili funguo kwa hiyo ni kazi ya kwanza ya mtu anayehamia, kabla hata ya kupaka rangi.

Kubadili funguo si lazima kuwe kununua kitasa kipya. Ni kukifanya kitasa kilichopo kizikatae funguo za zamani na kuukubali ufunguo mpya, iwe kwa kupanga upya pini za silinda, kwa kubadili silinda peke yake, au, pale inaposhindikana, kwa kubadili sanduku zima la kitasa. Kazi hiyo ikifanywa kwenye mlango wenye umri wa miaka hamsini au zaidi huibua matatizo ambayo mlango mpya hauna, na matatizo hayo hujirudia jengo baada ya jengo. Nimeyapanga hapa kwa dalili, nikianza na chanzo kinachopatikana mara nyingi zaidi. Ukaguzi mmoja utautumia karibu kila mahali: ujaribu ufunguo mlango ukiwa wazi, kisha ujaribu tena ukiwa umefungwa. Tofauti kati ya majaribio hayo mawili ndiyo itakayokuambia kama mgonjwa ni kitasa au ni mlango, na kwa uzoefu wangu watu wengi hulipia kitasa kipya wakati mgonjwa alikuwa mlango.

Tambua kitasa ulicho nacho

Katika majengo haya utakuta aina mbili. Ya kwanza ni kitasa cha leva, yaani sanduku la chuma lililozamishwa ndani ya unene wa mlango, ambalo ufunguo wake una shina refu la duara na bapa dogo lenye michongo mwishoni. Ndani yake mna sahani nyembamba, ambazo ndizo leva, tatu kwa vitasa vya kawaida na tano kwa vile imara zaidi, na kila sahani ni lazima inyanyuliwe kwa kimo chake kamili ndipo ulimi wa mraba, yaani chuma kinachotoka kitasani na kuingia kwenye mwimo, upite. Aina ya pili ni ya silinda, ambayo ufunguo wake ni bapa lenye meno. Ndani ya silinda mna kiini kinachozunguka, na pini ndogo za shaba, tano au sita, zilizokaa jozi kwa jozi chini ya springi. Meno ya ufunguo sahihi huzipandisha pini hizo hadi maungio ya kila jozi yalingane na mpaka kati ya kiini na ganda, na hapo tu kiini hugeuka. Pini ikizidi au ikipungua kwa nusu milimita, kiini hakiendi popote.

Silinda inaweza kubadiliwa funguo na mtu makini mwenye zana chache. Kitasa cha leva tatu sikushauri ukifungue kwa lengo la kupanga upya leva. Kwa kuwa ufunguo uleule hutumika kutoka nje na kutoka ndani, michongo yake hulazimika kulingana kushoto na kulia, na hivyo nafasi ya kupata mpangilio mpya ndani ya sanduku lilelile ni ndogo mno. Kwa kitasa hicho nunua sanduku jipya la kipimo kilekile, na kama uwezo unaruhusu, la leva tano.

Kabla ya kulegeza skrubu

Mkataba wa upangaji kwa kawaida humtaka mpangaji apate ridhaa ya mwenye nyumba kabla ya kubadili kitu kilichofungwa kwenye jengo. Ipate kwa maandishi, na silinda au sanduku la zamani ulihifadhi, kwa sababu siku ya kuondoka unaweza kuombwa ulirudishe. Anza kazi asubuhi ya siku ambayo maduka ya vifaa yako wazi. Mtu anayeanza Jumapili jioni, akagundua saa mbili usiku kwamba silinda aliyonunua ni fupi, hulala na mlango ulioegemezwa kiti. Muda wote wa kazi mlango ubaki wazi, na awepo mtu mwingine ndani.

Ufunguo unageuka mlango ukiwa wazi, lakini unagoma ukifungwa

Hili ndilo lalamiko linalosikika zaidi, na karibu kila mara humfikia fundi likiwa limevaa jina lisilo lake: kwamba kitasa kipya ni kibovu, au kwamba ufunguo umechongwa vibaya. Kitasa kinachofanya kazi mlango ukiwa wazi ni kizima. Kinachokwama ni ulimi wake, unaogonga chuma cha mwimo badala ya kuingia kwenye tundu lake.

Chanzo cha kwanza ni bawaba. Mlango wa mninga au mvule ni mzito, na skrubu za bawaba ya juu zikishalegea ndani ya mbao iliyochoka, upande wa kitasa hushuka kwa milimita mbili au tatu. Ushike mkono wa kitasa mlango ukiwa umerudishwa, uunyanyue mlango kwa nguvu kiasi kuelekea juu, na wakati huohuo ugeuze ufunguo. Ukigeuka, umeshapata jibu. Ondoa skrubu moja baada ya nyingine kwenye bawaba ya juu, jaza kila tundu kwa njiti za kiberiti zilizochovywa kwenye gundi ya mbao, acha zikauke, kisha rudisha skrubu ndefu kuliko zile za mwanzo. Usiondoe skrubu zote kwa mpigo, kwani mlango utakuangukia.

Chanzo cha pili ni mvua. Katika masika, kuanzia Machi hadi Mei, hewa ya pwani hujaa unyevu na mbao huvimba. Mlango uliokuwa ukifungwa kwa kidole kimoja mwezi Februari huhitaji bega mwezi Aprili. Dalili yake ni alama ya msuguano, rangi iliyokwanguka kwenye ukingo wa mlango, mara nyingi pembe ya juu. Hapa nawaomba watu wawe na subira. Anayechukua randa katikati ya masika na kupunguza mlango mpaka uteleze vizuri ataona mwanga wa koridoni ukipenya pembeni kiangazi kikifika. Punguza kidogo sana kwa msasa pale palipokwanguka, kisha ziba mbao iliyobaki wazi kwa rangi au vanishi, kwa sababu ukingo usiopakwa kitu ndio unaokunywa unyevu.

Chanzo cha tatu ni bati la mwimo, lile lenye matundu yanayopokea ndimi. Katika fleti zilizopakwa rangi mara nyingi, bati huwa limefunikwa na matabaka kiasi kwamba tundu limekuwa jembamba, au sanduku jipya limewekwa huku bati la zamani likiachwa, na vimo havilingani. Paka wanja au lipstiki kwenye ncha ya ulimi, rudisha mlango, geuza ufunguo mpaka ulimi uguse, kisha fungua utazame. Alama iliyoachwa kwenye bati itakuonyesha kama ulimi unagonga juu, chini au pembeni. Tofauti ya milimita moja au mbili hurekebishwa kwa kupanua tundu la bati kwa tupa. Tofauti kubwa zaidi hudai bati lihamishwe. Ulimi wenyewe usiuguse kwa tupa hata kama ndio ulio karibu na mkono wako, kwani ukiupunguza utakuwa umepunguza kile kinachoulinda mlango.

Iwapo umekagua yote hayo na mwimo wenyewe umeachana na ukuta, au kuna ufa wa mshazari unaoanzia kwenye kona ya mlango na kupanda kuelekea dari, acha kazi ya kitasa. Hilo ni suala la jengo, na ni la kupelekwa kwa mwenye nyumba kwa maandishi ili mhandisi alitazame.

Ufunguo mpya unaingia, lakini haugeuki hata mlango ukiwa wazi

Anza na lile jepesi kuliko yote, ambalo huwapata wenye familia: kuna ufunguo mwingine umeachwa upande wa ndani. Silinda nyingi za kawaida zenye tundu pande zote mbili hukataa ufunguo wa nje iwapo ule wa ndani umebaki mahali pake. Gonga mlango, ita walio ndani, kisha ndipo uanze kulaumu chuma.

Baada ya hapo kagua ufunguo. Uchukue ule wa asili na ule uliochongwa, uviweke vichwa vyake vya kushikia sawasawa, mgongo kwa mgongo, kisha uzielekeze funguo kwenye mwanga wa dirisha. Tazama mabonde ya meno, si vilele. Bonde la ufunguo mpya likiwa na kina kidogo kuliko la ufunguo wa asili utaona kipande cha chuma kikichungulia kama ukucha, na hicho kinatosha kuizuia pini moja kushuka hadi mahali pake. Ufunguo wa namna hiyo mara nyingi ni nakala ya nakala: mashine ya kuchonga huufuata ufunguo iliopewa pamoja na ulaji wake wote, na kila kizazi cha nakala huongeza kosa lake juu ya kosa la kizazi kilichotangulia. Mpelekee fundi ufunguo wa asili, uchongwe upya kutoka kwenye huo, na usikubali akupunguzie kwa kukisia kwa tupa mkononi. Vilevile kagua kama kuna vinyweleo vya chuma vilivyobaki kwenye kingo. Hivyo huondolewa kwa brashi ya waya, si kwa kuulazimisha ufunguo ndani ya silinda.

Ufunguo ukiwa sahihi na silinda bado inagoma, chanzo kinachofuata ni uchafu, na katika nchi yetu uchafu huo mara nyingi ni mafuta tuliyoyatia wenyewe. Mafuta ya kupikia hulainisha kwa wiki mbili, kisha huganda, hushika vumbi na kugeuka uji mzito unaozizuia springi kusukuma pini. Grisi ndani ya silinda hufanya vivyo hivyo. Kinachofaa ni unga wa risasi ya penseli: saga ncha ya penseli laini, upake unga huo kwenye meno ya ufunguo, uingize na kuutoa mara kadhaa, ufute, kisha rudia. Kama silinda tayari ina mafuta, unga utashikamana nayo na kuongeza uji, kwa hiyo isafishe kwanza kwa kisafishaji cha kopo kinachokauka chenyewe. Karibu na bahari, kama Upanga, Mji Mkongwe au Michenzani kule Unguja, na vivyo hivyo Mombasa, chumvi ya hewa hula springi za chuma kwa haraka, na springi iliyokatika haiponywi na kilainisho chochote.

Chanzo cha mwisho, ambacho huwa cha kwanza iwapo silinda imetoka kufanyiwa kazi muda huohuo, ni pini zilizopangwa vibaya. Kwa anayejaribu mwenyewe, haya ndiyo ya kuzingatia. Silinda ifunguliwe juu ya sinia lililotandikwa kitambaa cheupe, kwa sababu pini moja ni kama punje ya mchele na springi yake ni nyepesi kuliko unywele uliojikunja. Ikiruka kwenye sakafu ya terazo yenye ufa hutaiona tena. Ingiza ufunguo wa zamani, geuza kiini kidogo, ondoa pete ya kukishikilia, kisha kisukume nje polepole kwa kijiti cha duara chenye unene uleule wa kiini, kijiti kikifuata nyuma bila kuacha pengo. Kijiti ndicho kinachozizuia pini za juu na springi zake zisimwagike. Baada ya hapo toa pini za chini, ingiza ufunguo mpya kwenye kiini kilicho mkononi, na upange pini mpya mpaka kila moja ilingane na uso wa kiini. Pitisha ukucha juu yake. Ukucha ukikwaruza kwenye pini yoyote, pini hiyo ni ndefu mno. Ukitumbukia, ni fupi. Hatua ya vimo vya pini ni sehemu ndogo tu ya milimita, na ukucha huihisi vizuri kuliko jicho.

Wako mafundi wanaosaga pini kwa tupa mpaka zilingane, badala ya kutafuta pini ya kimo sahihi. Kazi hiyo hufanya mlango ufunguke siku ile, lakini pini iliyosagwa huwa na ncha kali inayokula ufunguo, na baada ya miezi michache dalili zote hurudi. Kama huna pini za kimo sahihi, badili silinda nzima.

Pini za juu zikikumwagikia na hujui ipi ilikuwa wapi, usijaribu kubahatisha. Zikusanye zote pamoja na ganda, upeleke kwa fundi funguo, au nunua silinda nyingine.

Ufunguo wa zamani bado unafungua

Hii ndiyo hitilafu ninayoiogopa kuliko zote, kwa kuwa haina kelele. Mlango unafunguka vizuri, ufunguo mpya unang'aa, aliyehamia analala usingizi mzito, na ufunguo wa mpangaji wa mwaka juzi ungali mfukoni mwake ukiwa na nguvu zilezile. Ndiyo sababu usimruhusu fundi aondoke kabla hujajaribu kila ufunguo wa zamani ulio nao, mmoja mmoja, ukiutikisa kidogo na kuuvuta nyuma kwa nusu milimita huku ukijaribu kuugeuza.

Chanzo kinachoongoza ni kwamba hakuna kilichobadiliwa isipokuwa mapambo. Mikono mipya na mabamba mapya huufanya mlango uonekane una kitasa kipya, ilhali sanduku ndani ni lilelile. Dai uoneshwe kilichotolewa.

Kinachofuata ni vitasa vya leva tatu vya bei nafuu, ambavyo kwa sababu niliyoeleza juu huwa na mipangilio michache. Niliwahi kusimama kwenye korido ya ghorofa ya pili na ufunguo uliotoka kwenye boksi asubuhi hiyo, na kwa ridhaa ya mama wa mlango wa pili nikaujaribu kwenye kitasa chake, ambacho naye alikuwa amekinunua karibuni. Uligeuka bila kusita. Alinitazama, akautazama mlango wake, kisha akaniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: ni milango mingapi mingine katika jengo hili? Tangu siku hiyo, nikiwa dukani Kariakoo, humwomba muuzaji afungue maboksi matatu ya kitasa kilekile, na naujaribu ufunguo wa boksi moja kwenye kitasa cha boksi jingine. Muuzaji muungwana hakatai. Funguo zikikubaliana, sinunui aina hiyo, na nawasihi wengine wafanye hivyo hata wakionekana wasumbufu.

Katika silinda, chanzo huwa ni pini zilizoachwa nje. Fundi aliyekosa pini ya kimo sahihi huacha tundu moja au mawili matupu, na silinda ya pini tano hugeuka kuwa ya pini nne au tatu ambayo funguo nyingi za jirani zinaweza kuigeuza. Omba uhesabu pini kabla kiini hakijarudishwa ndani. Mwisho kabisa ni uchakavu: kiini kilichotumika miongo kadhaa hulegea kiasi kwamba hata bisibisi nyembamba huweza kukizungusha, na funguo zile zinazofungua vitasa vingi, ambazo mitaani huitwa funguo malaya, hazihitaji hata kuzunguka mara mbili. Silinda ya namna hiyo haistahili pini mpya.

Ufunguo unazunguka, lakini ulimi hauendi

Kwenye silinda, kagua kwanza skrubu ndefu iliyo kwenye ukingo wa mlango, usawa wa katikati ya silinda. Ikilegea, silinda husogea na kidole chake cha kusukuma ulimi hukosa mahali pa kushika. Ikaze kwa mkono, bila kulazimisha, kwa sababu ikikazwa kupita kiasi huibana silinda na kuleta dalili ya kugoma. Kama skrubu iko sawa, yawezekana kidole chenyewe kimevunjika, na hapo silinda hubadiliwa. Kwenye kitasa cha leva, ufunguo unaozunguka bure humaanisha springi ya leva imekatika au bapa la ufunguo limelika. Jaribu ufunguo mwingine wa asili kabla ya kufungua sanduku.

Dalili hii ikikupata mlango ukiwa umefungwa na wewe uko nje, usiendelee kuzungusha ukitumaini. Kila mzunguko hula sehemu ndogo iliyobaki ambayo fundi angeitumia kukufungulia bila kuharibu mlango.

Ufunguo hautoki, au umevunjikia ndani

Ufunguo usiotoka mara nyingi haujarudi kwenye nafasi yake ya kuanzia. Uzungushe taratibu mpaka tundu lisimame wima, kisha uvute bila kupinda. Ukishavunjika, usiingize kipande kilichobaki mkononi kujaribu kukisukuma kile cha ndani, na usitie gundi, ushauri ambao nimeuona ukitolewa na ambao huishia kuigandisha silinda nzima. Kama ncha inaonekana, ivute kwa koleo jembamba. Kama haionekani, ni kazi ya fundi, naye atumie chombo cha kukivuta kipande nje, si tindo na nyundo.

Silinda haichomoki, au mpya haitoshei

Silinda ikikataa kutoka baada ya skrubu ya ukingoni kuondolewa, tatizo huwa ni kidole chake, ambacho kimesimama nje ya mstari wa silinda. Ingiza ufunguo, uzungushe kidogo kidogo upande mmoja na mwingine huku ukivuta, na pale kidole kinapolingana na ganda silinda itateleza yenyewe. Kutu ikishaikamata, dondoshea mafuta ya kulegeza kutu na uiache usiku mzima. Usipige nyundo kutoka upande mmoja, kwa sababu silinda ni nyembamba pale katikati penye tundu la skrubu, na ndipo inapokatikia.

Unapokwenda dukani nenda na silinda ya zamani mkononi. Ukiagiza mtu, pima kutoka katikati ya tundu la skrubu hadi mwisho wa kila upande, kwani pande mbili zinaweza kutofautiana: silinda ya milimita 30 kwa 40 si sawa na ya 35 kwa 35 ingawa zote zina urefu wa milimita 70. Upande wa nje usichomoze zaidi ya milimita 3 kupita bamba la mkono. Silinda iliyochomoza hushikwa kwa koleo na kuvunjwa pale katikati kwa muda mfupi sana, na hilo wezi wanalijua. Kwa sanduku la leva, pima kina chake, ambacho katika majengo yetu huwa inchi 2 na nusu au inchi 3, kisha umbali kutoka ukingo wa mlango hadi katikati ya tundu la ufunguo, na umbali kati ya tundu hilo na chuma cha mraba cha mkono. Kimoja kati ya vipimo hivyo kikikosekana itakubidi utoboe mlango upya, na mlango wa mvule uliotobolewa mara tatu katika eneo lilelile huwa hauna tena mbao ya kushikilia skrubu. Ukikuta shimo la kitasa limeoza au limeliwa na mchwa, mwite seremala kwanza. Fundi funguo atafuata.

Geti la nje na mlango wa pamoja

Fleti nyingi zina geti la nondo mbele ya mlango wa mbao, na watu hubadili funguo za mlango wakasahau kufuli la geti, au hubadili kufuli wakaacha mlango. Vibadilishwe siku moja. Mlango mkuu wa ngazi ni jambo tofauti: usiuguse peke yako, hata kama kitasa chake kimekufa, kwa kuwa ndiyo njia ya kutokea ya kila mkazi, pamoja na mgonjwa wa ghorofa ya nne na watoto wanaorudi shule saa usiyoijua. Hilo huamuliwa na wakazi pamoja na msimamizi wa jengo, na funguo zigawiwe kabla kitasa kipya hakijafungwa.

Na kama mtoto au mgonjwa amefungiwa ndani huku jiko likiwaka, au unasikia harufu ya gesi au moshi, usisubiri fundi wala usihurumie mlango. Vunja, na wakati huohuo mtu mwingine apige 114 kuita Zimamoto.

Ufunguo wa geti ukae ndani, kwenye msumari mmoja ambao kila aliye nyumbani anaujua, akiwemo mtoto anayeweza kuufikia, na msumari huo uwe mbali na nondo kiasi kwamba mkono wa mtu aliye nje, hata akiwa na fimbo, hauufikii. Ujaribu usiku mmoja taa zikiwa zimezimwa: kutoka kitandani hadi nje ya geti, ukihesabu sekunde.